Chembe Zilizosimama

Oktoba 3

Kaka Cleophace ameondoka na basi la asubuhi kurudi Mwanza. Shangazi waliondoka juzi, na sufuria za kuazima zimesharudi kwa wenyewe. Msiba wa baba umekwisha. Tumebaki mimi, kuku, na kibanja: migomba na mibuni inayoizunguka nyumba yetu hapa Igurwa tangu kabla sijazaliwa, imesongamana kiasi kwamba mchana kweupe jikoni tunawasha taa.

Nimemwambia Cleophace nitakaa mpaka mvua hizi ziishe. Nina sura moja ya tasnifu ya kumaliza, na sura ya tasnifu inaweza kuandikwa popote penye kiti na umeme wa jua. Hivyo ndivyo nilivyosema. Ukweli ni kwamba sikuweza kufunga mlango wa nyumba ya baba na kuondoka na ufunguo mfukoni.

Oktoba 4

Mvua. Nimezungumza na kuku.

Oktoba 5

Mvua. Kuku hawana la maana.

Oktoba 8

Laurensia, jirani wa upande wa juu, amekuja kuketi nami kama anavyokuja kila alasiri tangu tumzike baba. Ni mjane, ana maneno, na hapendi mtu afanye kazi ambayo yeye haielewi. Akaisogelea kompyuta yangu.

"Hawa wadudu ndio waliokuweka chuoni miaka yote hii?"

"Ni bakteria, mama. Na siwasomi wao hasa. Nasoma protini zinavyotembea ndani yao."

Nikamwonyesha. Bakteria mmoja kwenye kioo ana umbo la punje ya mchele, na ndani yake inarukaruka nukta ya mwanga. Ile nukta ni protini iliyotiwa kitu cha kung'aa ili hadubini iione. Nikamweleza kwamba katika seli za miili yetu zimo protini zinazofanya upagazi, zinajitwika mizigo na kutembea nayo juu ya nyuzi. Bakteria karibu hana upagazi huo. Ndani yake kumejaa pomoni, na protini inafika inakotakiwa kwa kusukumwa tu: inagongwa huku, inagongwa kule, inarudi ilikotoka, inagongwa tena.

"Kwa hiyo haijui inakokwenda," akasema.

"Haijui."

"Na inafika?"

"Inafika, tena upesi kuliko mtu kupiga chafya, kwa sababu safari yenyewe ni fupi. Safari ikiwa ndefu mara mbili, muda unakuwa mara nne. Ikiwa ndefu mara kumi, muda ni mara mia."

Laurensia akaitazama ile nukta kwa muda. "Basi wana heri," akasema. "Wanabanana."

Kisha akauliza nitaolewa lini, na sayansi ikaishia hapo.

Oktoba 11

Kompyuta inachora njia ya kila nukta, lakini nukta mbili zikipishana inazichanganya, ikafuata isiyo yake. Kwa hiyo nakaa na kuzitenganisha kwa macho, moja moja. Ni kazi ya mtu asiye na pa kwenda.

Oktoba 17

Leo Hagenimana ameniita kutoka kwenye kibanja. Yeye hupogoa majani ya migomba kwetu na kwenye vibanja vingine vingi. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye amezaliwa hapa hapa. Si mtu wa kuitaita watu ovyo.

"Dada, njoo uone."

Ilikuwa upande wa juu, karibu na kaburi la baba. Mgomba mmoja majani yake yamegeuka manjano na kulegea kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Hagenimana alipasua ndizi mbichi, na nyama yake ina madoa ya rangi ya kutu. Akakata shina, tukangoja. Ukatoka ute wa njano, taratibu, ukaning'inia.

"Mnyauko," akasema.

Nilijua kabla hajasema. Ute ule ni bakteria watupu, mamilioni kwa mamilioni. Nimesoma miaka minne mambo ya ndani ya bakteria, na nilisimama pale kwenye matope nisijue hata nishike wapi.

Mnyauko husafiri na panga. Likikata mgomba mgonjwa kisha likakata mzima, basi yamekwisha. Na wakati wa msiba kila mtu alikuja na panga lake, kama ilivyo desturi yetu, kukata majani ya kulalia waombolezaji na kukata mikungu ya kuwalisha. Watu wa Igurwa, wa Ihanda, hata wajomba wa kule Isingiro, kila mmoja na panga lililotoka kukata kwenye kibanja chake. Niliwapikia chai. Niliwashukuru mmoja mmoja.

Hagenimana aliung'oa ule mgomba. Mimi nilishika mwavuli, ambao hakuuhitaji.

Oktoba 18

Bwana shamba kasema kwa simu: ng'oa kila unaougua, pitisha kila panga kwenye moto, zuia watu kuingia. Dawa hakuna. Akauliza, "Wewe si ndiye yule binti anayesomea bakteria?" Nikasema ndiyo. Akanyamaza kwa adabu.

Cleophace naye kasema lake, na hakulizungusha. "Koku, migomba ikiisha hapo patabaki nini? Tutafunga nyumba. Mimi sirudi, na wewe chuo kitakuita." Nikamwambia migomba haitaisha. Nilisema kwa ukali, kana kwamba yeye ndiye mgonjwa.

Sitaki nyumba hii ifungwe. Naandika hapa ili nisijifanye kwamba ni suala la kilimo.

Oktoba 20

Nimefunga kamba kwenye njia zote mbili za kuingilia. Nimewasha moto karibu na kamba ya juu, na nimekaa hapo kama askari wa geti.

Alasiri akaja Laurensia, panga mkononi, amekuja kunisaidia kupogoa. Alipofika kwenye kamba akasimama kuitazama. Mimi nilikuwa nimechoka, moshi umeniingia machoni, na nikasema kutoka pale nilipokaa, "Usipite. Panga lako lipite kwanza kwenye moto."

Mvua ilikuwa inamdondokea.

"Panga hili," akasema, "ndilo lililokata majani ya kumlaza baba yako."

"Ndiyo maana," nikasema.

Ningeyameza maneno yale kama ingewezekana. Alinitazama, akageuka, akapandisha njia kurudi kwake. Nilitaka kumwita lakini kiburi kikanizuia, na nikajiambia kwamba nina haki kisayansi. Ninayo. Nimeketi nayo mpaka sasa hivi, mimi na haki yangu, na chai imepoa.

Oktoba 22

Hakuna aliyekuja.

Oktoba 25

Hakuna aliyekuja. Mgomba wa pili umeinama. Nimeung'oa mwenyewe, mikono imechubuka.

Oktoba 29

Mvua kubwa. Nimesikia watu wakipita barabarani wakicheka. Zamani wangekatiza kwetu.

Novemba 3

Tasnifu nayo imenigeukia. Katika kundi moja la bakteria, nukta ndogo zinatembea kama kawaida, lakini chembe kubwa, zile za protini nyingi zilizoshikamana, hazitembei kabisa. Zinatetemeka mahali pamoja tu. Nimemtumia Profesa. Kajibu kwa mstari mmoja: seli hizo zimekufa, zitupe, usipoteze muda.

Kuzitupa ni kutupa nusu ya kazi yangu.

Novemba 5

Sina hamu ya kupika. Nimekula ndizi mbivu na chumvi. Sijui kwa nini na chumvi.

Novemba 10

Leo nimekwenda ibadani, kwa mara ya kwanza tangu nifunge kamba. Baada ya ibada akina mama wakanizunguka, wakanipa pole ya migomba. Habari imeshafika kote, na imefika ikiwa na jina.

"Ni yule Mrundi, sivyo?" mmoja akauliza. "Anazunguka na panga lake kibanja hadi kibanja."

Laurensia alikuwa amesimama pembeni akinitazama.

Nikasema, "Sijui."

Ni kweli sijui. Lakini namna walivyotikisa vichwa nikaelewa kwamba "sijui" yangu wameipokea kama "ndiyo" ya mtu msomi. Ningeweza kuongeza neno. Walikuwa wamenizunguka, walikuwa karibu, mmoja alikuwa amenishika mkono, na ilikuwa siku nyingi sijashikwa mkono na mtu. Nikanyamaza.

Novemba 13

Hagenimana alikuja mpaka kwenye kamba akasimama nje.

"Nimekuja kuaga, dada. Huku sitapata kazi tena. Wananiambia nisikanyage kwao."

"Unakwenda wapi?"

"Sijui bado. Mke wangu analia, anasema twende Kyerwa kwa ndugu zake." Akalitazama panga lake. "Mimi nilipitisha kwenye moto hata kabla hujasema. Lakini siwezi kuapa kwamba kila siku. Kuna siku mvua inanyesha, kuni ni mbichi."

Hakuwa ananilaumu. Hilo ndilo lililoniuma. Nilimwomba asiondoke kwanza. Akauliza, asubiri nini?

Novemba 16

Mgonjwa mwingine, na mwingine. Wote upande wa juu. Kamba haikusaidia kitu: nyuki wanakunywa kwenye ua la mgomba mgonjwa na kwenda kwenye ua la mgomba mzima, na nyuki hawasomi kamba. Nilipaswa kuvunja yale maua yote kwa mti wenye panda tangu mwanzo, sio kukaa getini kufukuza wajane.

Novemba 19

Sikuzitupa zile seli, ukaidi tu. Leo nimezifungulia tena rekodi zake tangu mwanzo na nimeona kilichonipita.

Ile siku maabarani niliwaacha bakteria hao kwenye maji yasiyo na sukari. Walikuwa na njaa. Na baadaye, kwenye rekodi nyingine ambayo sikuwahi kuilinganisha, niliwapa sukari. Ni seli zile zile, kwenye kioo kile kile. Chembe kubwa zilizokuwa zimekwama zikaanza kusogea. Kwanza kidogo, kisha zikatangatanga seli nzima. Kwa hiyo hazikuwa zimekufa. Maiti haiamki kwa kupewa chai. Seli ikiwa na nguvu, pilikapilika zake zenyewe zinakorogakoroga ute wa ndani, na kila kitu kinapata nafasi ya kupenya. Ikinyimwa chakula pilikapilika zinakoma, ute unagandamana, na vitu vikubwa vinabaki vilipo. Vidogo vinapenya bado. Vikubwa ndivyo vinavyokwama.

Wengine walikwisha kuliona jambo hili katika bakteria. Langu ni kupima kwa chembe za ukubwa mbalimbali, na sasa vipimo vyangu vina maana. Nimemwandikia Profesa barua ndefu isiyo na adabu ya kutosha.

Mimi siwapendi watu wanaogeuza sayansi kuwa mahubiri. Bakteria hawaishi ili watufundishe tabia njema. Lakini nilipoinua kichwa kutoka kwenye kompyuta, furaha imenijaa, nikatafuta wa kumwambia. Nikatoka hadi uani. Nikasimama. Hapakuwa na mtu wa kumwambia, na aliyefanya pasiwe na mtu nilikuwa mimi. Nikalia kama mtoto, kwa sauti, mvua ilikuwa kubwa hata hivyo.

Novemba 20

Profesa: "Umefanya vizuri. Andika." Nimeisoma mara nyingi kuliko inavyostahili.

Novemba 22

Nimeutembea upande wote wa juu kwa miguu, polepole. Nikiendelea kung'oa mmoja mmoja nitaendelea kuwa getini mpaka mwaka ujao, na mwisho utakuwa ule ule. Nikiung'oa upande wote wa juu mara moja, wenye ugonjwa na ambao bado, upande wa chini unaweza kupona, na mibuni haiguswi na mnyauko. Lakini upande wa juu ndio wa baba. Ndiko alikopanda kwanza alipooa, ndiko alikolala. Na siwezi kuung'oa peke yangu.

Novemba 24

Nilimwomba mwinjilisti nafasi baada ya matangazo. Alidhani nataka kutoa shukrani ya msiba.

Nikasimama mbele. Nikasema: "Mnyauko uliingia kwetu siku za msiba wa baba. Uliingia kwa panga, na mapanga yalikuwa ya watu wote. La Hagenimana lilikuwamo. La baba yangu mwenyewe lilikuwamo, nililishika mimi. Na yenu yalikuwamo. Hakuna chombo duniani kinachoweza kuniambia sasa ni lipi. Anayesema anajua, anamsingizia mtu, na mimi niliponyamaza hapo nje nilimsingizia pamoja naye."

Mtoto mmoja akakohoa. Kuwaambia watu kwamba huruma yao ilibeba ugonjwa si jambo dogo, nilijua, lakini nilikuwa nimeshaanza.

"Jumamosi nang'oa upande wote wa juu. Nahitaji mikono. Kamba nimeitoa."

Mwinjilisti akasema, "Ee, asante," akatangaza wimbo. Nje watu walinipisha. Hakuna aliyenizunguka leo. Nilirudi nyumbani peke yangu, matope mpaka magotini, nikiwa nimepungukiwa marafiki ambao sikuwa nao.

Novemba 27

Mvua. Nimeandika kurasa nzuri. Naogopa Jumamosi.

Novemba 30

Niliamka nikawasha moto uani. Wa kwanza alikuwa Hagenimana, bado hajahamia Kyerwa. Alikuja na jembe, panga na mke wake, hakusema neno kuhusu Jumapili. Aliuliza tu tuanzie wapi. Tukaanza.

Jua lilipopanda kidogo nikasikia hatua. Laurensia, panga mkononi, khanga imefungwa kikazi. Akasimama mbele ya moto, wala hakuniangalia.

"Haya, niambie tena."

"Nini, mama?"

"Ulichoniambia siku ile. Niambie kama mtu aliyelelewa na baba yako Elpidius."

Nikaweka jembe chini. Nikapiga goti kidogo, kama tulivyofundishwa. "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Naomba panga lako lipite kwenye moto."

"Bila shaka," akasema, na kulitia. "Ulidhani nakataa moto? Nilikataa kufukuzwa kama mbuzi." Kisha akamgeukia Hagenimana. "Na wewe, mwanangu, kuanzia wiki ijayo njoo unipogolee. Wakikuuliza, waambie ni mimi nimesema."

Baadaye wakaja wengine, wachache, wale wa nyumba za karibu. Wengi hawakuja, na sitawahesabia kosa. Tulikata mashina, tukafukua visiki, tukavikatakata na kuvirundika vioze. Kazi ya kung'oa mgomba si ya kufikirika: unadhani umemaliza, kumbe chini kuna mtoto wake, na chini ya mtoto kuna mwingine. Watu walitaniana. Mke wa Hagenimana alianguka kwenye matope, akacheka mpaka akashindwa kuinuka, nasi tukacheka naye. Nilimweleza Laurensia habari za bakteria wenye njaa, nikihema, jembe mkononi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulipoteza miaka minne kujua kwamba mwenye njaa hatembei," akasema. Lakini alikuwa anatabasamu.

Tuliufikia mgomba wa kaburini mwisho. Ulikuwa bado mzima, una mkungu mkubwa. Kila mtu aliacha kazi akaniangalia. Hagenimana akasema, "Dada, huu tunaweza kuuacha." Nilitamani sana. Nikasema hapana, ukiachwa mmoja tutarudi hapa tena, na nikaukata mimi. Ulianguka taratibu, majani yakalifunika kaburi lote. Laurensia akayainua, akayaweka kando.

"Tulikuja kumzika mwenye kibanja," akasema, "tukamzika na kibanja chake."

Alikuwa analia, na mimi nilikuwa nalia, na Hagenimana alikuwa ametazama upande wa pili akifuta panga kwa majani.

Desemba 4

Cleophace kapiga simu. Nikamwambia nusu imekwenda. Akashusha pumzi, akasema, "Basi. Januari tufunge." Nikamwambia hatufungi. Upande wa chini umesimama, kahawa imesimama, juu nitapanda mahindi na maharage mpaka udongo usafike, chuo nitakwenda na kurudi, na nikiwa sipo Hagenimana ataangalia. "Atakaa nani hapo, Koku?" Nikasema, "Mimi." Kisha akauliza kama maharage ya baba ya mbegu bado yapo darini.

Desemba 8

Mvua zimepungua. Asubuhi hii nilifungua mlango wa jikoni kumwaga maji nikapigwa na mwanga usoni, nikasimama pale na beseni. Ng'ambo ya ule uwazi kulikuwa na nyumba. Nimezaliwa hapa, nimekulia hapa, na sikuwahi kujua kwamba mlango wa jikoni wa Laurensia unatazamana na wetu. Katikati ilikuwapo migomba siku zote.

Alikuwa anafagia uani. Akainua uso akaniona, nywele sijachana, nguo ya kulalia.

"Umelalaje?" akauliza. Hakuhitaji kupaza sauti.

"Salama, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mchana unakula nini?"

"Ndizi."

"Na nani?"

Akaendelea kufagia, mpaka takataka zote zikafika kwenye shimo lake.

"Usiinjike," akasema.

Nilikuwa nimeshainjika. Nikaingia ndani, nikaiepua sufuria.